Maswali ya Wasomaji: Washindani 110, Njia Nane

SWALI: Jimu yetu iliandaa mashindano ya mazoezi mwaka jana, wakaja watu 40 na yakafana. Safari hii wameshajiandikisha 110, na mfadhili anasema tusimwache mtu. Vyuma vinatosha njia nane kwa wakati mmoja (njia ni sehemu ya mshindani na vyuma vyake), majaribio, yaani mazoezi ya kushindania, ni matatu, uwanja ni wa wazi. Tuwapokee wote? — Msomaji, Tanga

JIBU: Kila mtu akishindana peke yake, hapana. Orodha ya majina iwekeni kando kwanza, mshike saa. Kwa jua la pwani, ifikapo saa 5 asubuhi muwe mmemaliza. Mkikusanyika saa 12:30 mna dakika 270. Toeni 30 za maelekezo na kupasha misuli, zinabaki 240. Mkupuo mmoja, yaani zamu ya kundi linaloshindana kwa pamoja, unakula dakika 12: nane za kazi yenyewe, mbili za kubadilisha uzito, moja ya kusaini kadi ya matokeo, moja ya kupanga watu kwenye njia. Siku yenu basi ina mikupuo 20. Kila jaribio lipeni sita, jumla 18, na miwili ibaki akiba, kwa sababu umeme wa spika utakatika tu. Sita mara nane ni watu 48.

Hao 110 wangetaka mikupuo 42. Jaribio la kwanza peke yake lingeanza saa 1 na kwisha karibu saa 4, yaani wa mwanzo kanyanyua kwenye ubaridi na wa mwisho juani, halafu mnawapanga kwenye jedwali moja! La tatu lingekwisha baada ya saa 9 alasiri.

Kuna namna ya kuwapa wengi nafasi bila kuharibu: washindane wawili wawili, mmoja afanye kazi na mwenzake apumzike, wapokezane wapendavyo. Mwamuzi bado anahesabu marudio ya mtu mmoja, vyuma ni vilevile, ila kila mkupuo unabeba watu 16. Mikupuo sita inawapa 96. Fungeni orodha hapo, waliobaki wawe wa akiba, kwani wapo watakaojitoa. Sharti hili msililegeze: wakiruhusiwa kufanya kazi wote wawili kwa pamoja, mwamuzi mmoja hatoshi na hesabu inakuwa ya kubahatisha. Mfadhili akitaka umati zaidi, wekeni bomba pembeni watazamaji washindane kuning'inia. Hilo linataka mtu mmoja mwenye saa ya simu.

Panga wanawake wote wafuatane, kisha wanaume. Uzito mkubwa utabadilishwa mara moja tu kwa kila jaribio. Wakichanganywa, zile dakika mbili zinakuwa tano, na kwa haraka hiyo vibano vya kuzuia sahani za uzito vinasahaulika, sahani zinateleza kwenye chuma.

SWALI: Waamuzi wangapi, na tuwatoe wapi? — Msomaji huyohuyo

JIBU: Kumi na wawili kwa njia nane, na mwamuzi mkuu mmoja asiye na njia. Kila mmoja afanye mikupuo miwili, apumzike mmoja. Mwamuzi asiyepumzika huanza kupitisha skwati (kuchuchumaa na kusimama) za juujuu bila mwenyewe kujua. Asiwekwe kwenye njia ya mtu wa jimu yake. Jioni moja kabla, mwiteni mtu achuchumae mara 20, baadhi akikusudia kutofika chini. Kila mwamuzi aandike hesabu yake, mzilinganishe. Kipimo kiwe kimoja: kunjo la nyonga lishuke chini ya usawa wa juu ya goti. Mwenye aibu ya kusema “haihesabiwi” apewe kazi ya kuandika matokeo. Ukali mwingi unahitajika mwanzoni tu: anayekataliwa marudio mawili ya mwanzo hujirekebisha, anayenyamaziwa hadi la 30 ndipo akataliwe huzua ugomvi.

SWALI: Matokeo yetu hugombewa kila mwaka. Dawa yake nini? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Kadi isainiwe kabla mshindani hajatoka kwenye njia. Bandikeni matokeo kila jaribio likiisha, na malalamiko yafungwe dakika 15 baadaye. Alama ziwe za nafasi: wa kwanza 1, wa pili 2, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wasiomaliza ndani ya muda wapangwe kwa idadi ya marudio, nyuma ya waliomaliza. Wanaofungana hapo waamuliwe kwa muda waliomaliza nao mzunguko wa kwanza, kwa hiyo kadi iwe na nafasi ya kuandika muda huo. Kadi nyingi hazina.

SWALI: Maji kiasi gani kwa watu 96? — Msomaji, Tanga

JIBU: Lita mbili kwa kila mshindani, yaani madumu kumi ya lita 20, na ya waamuzi hayamo humo. Wekeni pia beseni kubwa la maji ya barafu kivulini, karibu na mstari wa kumalizia. Mtu akipepesuka, akaongea ovyo na mwili ukiwa wa moto, atumbukizwe humo hadi shingoni, kichwa kikishikiliwa juu ya maji, wakati gari la hospitali linaitwa. Mpozeni kwanza, ndipo asafirishwe.