Armeria inayooza katikati ya shina

Ndugu, unayehofia kwamba chumvi ya upepo wa bahari inaiua Armeria maritima yako (mmea mdogo wa maua wa pwani) huko Cornwall, Uingereza: si chumvi inayoiua. Majani yake yana tezi za kutolea chumvi nje. Ukiona katikati peusi na panateleza, ujue maji yametuama shinani, hasa majira ya baridi.

Majira ya kuchipua yakianza, ing'oe na ukate sehemu iliyooza. Vichipukizi vyenye mizizi uvipande upya: udongo sehemu 1, changarawe sehemu 1, chungu chenye kina kwa sababu mzizi mkuu hushuka mbali. Shingo ya mmea izungushie changarawe ya sentimita 2. Chungu kiweke juani. Mbolea usitie kabisa: hunenepesha majani, maua yakapungua.