Chuma hakioti nyama: mkuu, usinunue hiyo paneli

Mkuu, usitume hiyo pesa. Kama umeshatuma, piga simu benki kwanza, haya mengine utayasoma baadaye.

Nimeuona uzi wako. Umepata mtu mtandaoni anauza paneli ya taa, anadai ni ileile iliyoonekana kwenye The Time Tunnel, kipindi cha televisheni cha Marekani cha 1966. Amekubandikia skrinshoti na picha ya paneli yake, na wewe umeandika "zinafanana kila kitu wakuu". Halafu ukauliza kama bei ni halali, usafirishaji ukoje, vipindi vya zamani utavipata wapi, na kama roboti wa kipindi cha Lost in Space ndiye Robby, yule wa filamu ya Forbidden Planet. Mimi nang'ang'ana na hilo la "zinafanana kila kitu", maana ndilo lililonilia pikipiki.

Ndiyo, pikipiki. Niliiuza kwa bei ya kutupa ili nipate dola 900 za paneli, halafu 640 za kuisafirisha hadi Dar, halafu ushuru, halafu wakala wa forodha, halafu nauli ya guta kuileta nyumbani. Mke wangu alidhani nimenunua inveta ya sola. Nilinyamaza wiki nzima nikimwacha adhani hivyo, kwa sababu inveta angalau ina maelezo.

Ngoja nikueleze kilichonifunga macho, maana nawe kinakufunga hivyo hivyo. Paneli hizo zinatoka kwenye kompyuta ya kijeshi iitwayo AN/FSQ-7. IBM waliitengeneza kwa ajili ya SAGE, mfumo wa Jeshi la Anga la Marekani wa kuvizia ndege za mabomu za Wasovieti. Mashine moja ilikuwa na uzito wa tani kama 250 na valvu 49,000 hivi, zile za kioo kama za redio za babu zetu. Kila kituo kilikuwa na mashine mbili, moja kazini na nyingine ikisubiri ya kwanza izimike, na vituo vyenyewe vilizidi 20. Zilipoanza kustaafishwa, vipande vikauzwa kwa bei ya skrepa, na watu wa Hollywood wakavizoa. Hakuna fundi wa mandhari ambaye angekutengenezea ukuta wa mamia ya taa zinazowakawaka kwa bei ile. Jeshini taa zilimwonyesha fundi mashine imefikia wapi kwenye hesabu zake. Kwenye televisheni zikabaki kuwaka tu, na ziliwaka kweli: mtayarishaji Irwin Allen alizitumia The Time Tunnel, zikaonekana tena Lost in Space na Land of the Giants, hadi kwenye filamu ya The Towering Inferno ya 1974.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mashine mbili kila kituo, vituo zaidi ya 20, na kila mashine ina paneli zake pamoja na vipuri. Kiwanda kilitoa paneli ileile, rangi ileile, taa zimepangwa vilevile, nakala kwa nakala. Yako lazima ifanane na ya kwenye kipindi! Ingekuwa haifanani ndiyo ningeshangaa. Ni kama umwone mtu na Corolla nyeupe useme ni ileile uliyopanda juzi kwenda Mbagala.

Hili halikunijia kichwani, na sikulaumu kama nawe halijakujia. Namlaumu yule bwana wa kundi moja la mashabiki huko nje, ambaye kila mtu alimwita mtaalamu. Nilimtumia picha mbili, akanirudishia zimejaa mishale myekundu: taa hii sawa na taa hii, swichi hii sawa na swichi hii, na chini kaandika "asilimia 95, ni yenyewe". Asilimia 95! Mimi na mwizi wa kuku wa jirani pia tunafanana asilimia 95, wote tuna miguu miwili na njaa. Lakini nilikuwa nataka kuambiwa ndiyo, nikaambiwa ndiyo, nikauza pikipiki.

Paneli ilipofika nilimwita fundi redio wa mtaani kwetu aje aone kama taa zinaweza kuwaka. Huyu bwana hajawahi kusikia The Time Tunnel maishani mwake. Aliilaza kifudifudi juu ya mkeka, akawasha tochi ya simu, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye tundu la skrubu kwenye pembe. Akazungusha kidogo, akaitoa, akanionyesha. Unga wa rangi ya kijivu umeshika kwenye ncha. "Bosi, hiki kitu hakijawahi kufungwa popote. Rangi ya kiwandani bado imo ndani ya tundu." Akajaribu pembe zote nne, hadithi ikawa moja. Nilikuwa nimenunua spea. Spea halisi ya kompyuta halisi, sikatai, lakini haikuwahi hata kuonja skrubu, sembuse kamera.

Usiku ule nikafanya nilichotakiwa kufanya kabla. Nikatafuta nakala safi ya kipindi, si ile ya mtandaoni iliyokandamizwa hadi sura za watu zimekuwa ukungu, nikaisimamisha palepale. Paneli ya kwenye kipindi ina matundu mawili ya ziada ukingo wa kushoto, mahali walipoitoboa kuifunga kwenye fremu, na pembe ya chini imeliwa kidogo. Yangu imenyooka kama sinia la harusi. Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba ilikarabatiwa baadaye. Mkuu, chuma hakioti nyama. Tundu likizibwa, nyuma utaona alama ya kuchomelea.

Kwa hiyo usiangalie umbo, tafuta kovu. Tundu lililotobolewa vibaya, mkwaruzo, taa iliyokosa kifuniko, maandishi yaliyosahaulika. Kovu halitoki kiwandani. Angalia mfano mzuri kwenye Star Trek ya 1967, ile sehemu ya The City on the Edge of Forever. Nahodha Kirk anatembea mtaani na Edith, mwanamke aliyempenda, eti ni New York ya miaka ya 1930, na nyuma yao kioo cha duka kimeandikwa Floyd's Barber Shop. Ni kinyozi wa kipindi kingine, The Andy Griffith Show, mtaa uleule wa kuigizia pale Forty Acres, Culver City. Hapo huhitaji mshale mwekundu, jina limeandikwa mlangoni.

Tena hakikisha unachokiona ni kitu chenyewe, si mkanda wa zamani wa kitu hicho. Chombo cha angani mwishoni mwa The Monsters Are Due on Maple Street, sehemu ya The Twilight Zone ya 1960, hakikuletwa na mtu yeyote. Ni picha za Forbidden Planet ya 1956 zilizogeuzwa juu chini. Kuna watu huko nje wanahesabu hiyo kama chombo kimetumika tena, halafu wanakuuzia kipande chake.

Na lile swali lako la roboti: wa Lost in Space siye Robby. Ni roboti wawili tofauti, ingawa Robert Kinoshita alihusika kuwabuni wote, na 1966 walikutana ndani ya Lost in Space wakapigana. Robby aliuzwa mnadani Bonhams mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 5. Huyo hakutoka kiwandani kwa mafungu, ndiyo maana.

Mwambie muuzaji akutumie picha ya nyuma, pembe zote nne, mchana juani, na matundu ya skrubu kwa karibu. Kisha ibandike hapa, pamoja na skrinshoti ya nakala safi, siyo ile aliyokukatia yeye. Akianza kusema yuko safarini au kamera imeharibika, mwache aendelee na safari yake.

Yangu ipo ukumbini hadi leo. Fundi alifanikiwa kuwasha taa saba, mtoto anaitumia kufanyia homuweki umeme ukikatika. Na kama aliyekuthibitishia ni bwana wa mishale myekundu, nisalimie.