Andikeni Katiba Mkiwa Bado Mnaelewana

Kwa miaka minne nilijitolea katika kikundi kidogo cha watu wanaotafsiri kwa Kiswahili programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, na muda wote huo hatukuwahi kuandika popote nani ni mwanachama wala nani ana kauli ya mwisho. Tulikuwa tukielewana, kwa hiyo hatukuona haja. Kisha mwenzetu aliyeshika manenosiri yote akabanwa na ajira mpya, akanyamaza, na tafsiri zilizokwisha kuhaririwa zikakaa miezi minane bila kumfikia mtumiaji hata mmoja. Simlaumu, kwa sababu sisi ndio tuliomtwika peke yake mali ya watu wote.

Hapo ndipo nilipoisoma kwa makini katiba ya Debian, mradi wa watu wa kujitolea wanaotengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambao wanachama wake waliridhia Mkataba wa Kijamii, yaani ahadi zao kwa watumiaji na jamii ya programu huria, mwaka 1997 na katiba mwaka uliofuata. Kiongozi wao huchaguliwa kila mwaka, na wanachama wanaweza kuutengua uamuzi wake kwa kura. Kifungu kilichonigusa zaidi kinasema kwamba hakuna anayelazimika kuufanyia mradi kazi, na asiyetaka jukumu alilopewa anaweza kuliacha, lakini haruhusiwi kuhujumu uamuzi uliofikiwa kwa kufuata taratibu. Kwa watu wasiolipwa sijaona kanuni inayotenda haki kuliko hiyo, na ningewashauri muiandike kabla ya nyingine yoyote.

Katiba haizuii ugomvi. Mwaka 2014 Debian ilivutana vikali kuhusu systemd, programu inayoanzisha huduma za kompyuta inapowashwa, na baadhi ya watu wakajitenga na kuanzisha mradi wao, Devuan. Hata hivyo mradi uliendelea, kwa kuwa njia iliyotumika kuamua ilikuwa imeandikwa miaka mingi kabla ya mvutano wenyewe.

Suala la nani ahesabiwe mwenzetu ni zito zaidi, nami naliona ndilo linaloumiza watu wengi kimyakimya. Mwaka 2010 wanachama wa Debian walipiga kura ya kuwakaribisha kama wanachama kamili hata wachangiaji wasiotunza vifurushi vya programu (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa), wakiwemo watafsiri na waandishi wa nyaraka. Mkimpongeza mtafsiri kila toleo linapotoka huku mkimnyima kura, mnamfanya mgeni katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Kikundi chetu sasa kina kurasa mbili za kanuni, manenosiri yako kwa watu watatu, na orodha ya wanachama hupitiwa kila Januari. Kura yetu ya kwanza ilihusu kama neno la Kiingereza "file" tuliandike "faili" au "jalada". Nilitetea "jalada" kwa moyo wote, nikashindwa, na tangu siku hiyo nimeandika "faili" katika kila tafsiri niliyowasilisha.