Lipia ukaguzi kabla hujatoa hela ya kushikia nyumba

Mleta mada, umeuliza kama kuna haja ya kumlipa mkaguzi wakati nyumba imepakwa rangi upya, benki imeshamtuma mthamini wake, na dalali anakwambia kuna mnunuzi mwingine anaisubiri. Haja ipo, tena kubwa. Nitakueleza niliyoyaona niliponunua nyumba ninayoishi.

Kwanza hilo la benki. Mthamini haji kwa ajili yako. Anakuja kuiambia benki kama nyumba itatosha kufidia mkopo endapo utashindwa kulipa. Anapima ukubwa, anaangalia eneo, analinganisha na bei za nyumba za jirani, anaondoka. Kupanda darini au kufungua mfuniko wa chemba si kazi yake. Nyumba inaweza kuthaminiwa vizuri kabisa huku mchwa wakiendelea kula kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

Mkaguzi mtafute mwenyewe, nje ya watu wa dalali. Mimi nilimwomba wangu anionyeshe ripoti mojawapo aliyowahi kuandika, jina na anwani ya mteja vikiwa vimefutwa. Nikaona kila kasoro ina picha, mahali ilipo, chanzo anachokiona na uzito wake. Nikamuuliza pia kama anafanya matengenezo, akasema hapana. Swali hilo usiliache. Mkaguzi ambaye ndiye atakayelipwa kutengeneza, kila ufa atauona mkubwa. Anayeletwa na dalali, kila ufa atauona mdogo.

Na siku ya ukaguzi uwepo. Nyumba ya kawaida huchukua saa mbili hadi nne, na hizo saa zina faida kuliko ripoti yenyewe. Kwenye nyumba yangu, chumba cha nyuma kilikuwa na ukuta mmoja wenye rangi mpya, mingine mitatu ya zamani, na kabati limeegemezwa kwenye huo mpya. Mkaguzi akaomba lisogezwe. Akaanza kugonga lipu kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kushuka chini. Juu ilijibu kwa sauti ngumu. Kuanzia usawa wa goti ikawa inavuma kama debe tupu. Karibu na sakafu kulikuwa na unga mweupe mwembamba, akaupitishia kidole akanionyesha: ni chumvi. Maji yanapanda ndani ya tofali, yakifika usoni yanakauka na kuiacha chumvi pale. Akaweka kifaa cha kupima unyevu, namba ikaruka.

Halafu akanitoa nje, tukasimama upande wa pili wa ukuta uleule. Udongo wa bustani ulikuwa umejazwa mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani, na bomba la gata lilikuwa limekatika, linamwaga maji yote ya paa kwenye kona hiyo. Rangi mpya pale ingebabuka msimu wowote wa mvua, hata ungeipaka mara ngapi. Ripoti peke yake ingeniambia "unyevu, ukuta wa nyuma" na ningelala nikiwaza kubomoa. Kwa kuwa nilikuwepo, nilijua tiba ni sepetu na bomba jipya la gata. Baada ya kununua tulishusha udongo, tukaupa mteremko wa kwenda mbali na nyumba (kipimo kinachotumika sana ni kushuka kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza), kisha ukuta tukauacha bila rangi kwa miezi. Ukuta wa tofali uliolowa hukauka polepole sana, na ukiufunika mapema unaufungia maji ndani.

Darini ndiko tulikokuta jambo zito. Tangi la maji lilikuwa limewekwa juu ya mbao za dari, na ili lipate kuingia, mbao mbili za kenchi zilikuwa zimekatwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima inayoning'inia juu ya vichwa vya watu waliolala. Kwa chini huoni kitu zaidi ya dari iliyobonyea kidogo, na rangi mpya inaificha. Hapo mkaguzi mwenyewe alisema hili limemzidi, niite mhandisi wa majengo. Nilimheshimu sana kwa kauli hiyo.

Kuhusu nyufa, maana najua ndizo zinazokutia hofu. Vijiufa vyembamba kama unywele kwenye lipu vipo karibu kila nyumba, ni lipu ilivyokauka. Ufa wa kuuogopa ni ule unaoanza kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, au unaofuata viungo vya tofali kama ngazi, hasa kama upande mmoja ni mpana kuliko mwingine au unaonekana ndani na nje mahali palepale. Huo unaashiria msingi unatitia upande mmoja. Ukifikia upana wa milimita 5 hivi, usiendelee na mazungumzo ya bei mpaka mhandisi auone. Jaribu pia milango: ukikuta mmoja umechongwa juu ili uweze kufunga, uliza fremu imepinda kwa nini.

Maji unaweza kuyapima hata wewe. Funga bomba zote, soma mita, subiri nusu saa bila mtu kutumia maji, soma tena. Ikiwa imesogea, maji yanavuja mahali usipopaona. Kisha fungua bomba kadhaa kwa pamoja na uvute choo, uone kama nguvu ya maji inakufa na kama karo linacheua.

Umeme mwachie mtu wa umeme, usifungue boksi mwenyewe. Ila hakikisha boksi kuu limefunguliwa na kuangaliwa, kwa sababu breka ikiwa kubwa kuliko uwezo wa waya wake, waya utaungua kabla breka haijakata. Kama nyumba ni ya zamani, uliza pia kuhusu asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi zamani) kwenye bati au dari. Ikiwa nzima na haijaguswa hatari yake ni ndogo, ila ikitobolewa au kuvunjwa inatoa nyuzi zinazoharibu mapafu.

Ujue vilevile mipaka ya ukaguzi. Mkaguzi anaangalia kinachoonekana na kinachofikika. Havunji ukuta wala haoni bomba lililo chini ya sakafu. Mambo ya hati na umiliki ni ya mwanasheria, hayo yafanyike sambamba.

Sasa dalali wako na huyo mnunuzi mwingine. Inawezekana yupo kweli, na bado hiyo si sababu ya kutoa hela kabla ya kukagua. Nguvu yako yote iko kwenye uwezo wa kuondoka, na uwezo huo unapungua pindi tu hela yako inapokuwa mfukoni mwa mwingine. Kama muuzaji anataka uhakika, mwandikieni kwamba mauziano yanategemea ukaguzi, utafanyika ndani ya siku mtakazokubaliana, na kasoro kubwa ikionekana unarudishiwa hela yote. Muuzaji anayekataa mkaguzi asipande darini ameshakujibu swali ambalo hukuliuliza.

Ripoti ikija, usitafute kama nyumba "imefaulu". Hakuna nyumba isiyo na kasoro. Tenga zinazohusu usalama, msingi, paa na maji, hizo ndizo za kujadili. Swichi iliyolegea au kioo chenye ufa usivipeleke mezani, vitakupunguzia uzito kwenye hoja kubwa. Mimi napendelea bei ipunguzwe kuliko muuzaji kuahidi kutengeneza, kwa sababu atatafuta fundi wa bei ya chini na kazi itafanywa ya kupendeza macho tu. Kwa ile kenchi nilipeleka makadirio ya mhandisi yaliyoandikwa, muuzaji akabisha kidogo, kisha akashusha bei kwa kiasi hicho. Tangi tulilihamishia nje kwenye mnara wake kabla familia haijalala ndani ya nyumba hata usiku mmoja.

Ukishapata ripoti yako, ukipenda weka hapa kurasa za paa na nyufa, ukifuta anwani. Nitazisoma na kukwambia yapi ningeyafuatilia ningekuwa wewe.