Des Moines hutamkwaje, na Kifaransa kilifikaje Iowa?

Swali: Mwalimu, salamu. Nilisoma Lubumbashi, shule yote kwa Kifaransa. Sasa naishi Des Moines, jimbo la Iowa, ninakojitolea kuwakalimania wakimbizi wenzangu. Juzi nilitamka jina la mji huu kama nilivyofundishwa kusoma, "de mwan", nikasahihishwa mbele za watu kwamba ni "di-moin". Nani mwenye haki? Nikiandika kwa Kiswahili, niliandikeje? Watu husema maana yake ni Mji wa Watawa. Naweza kulitafsiri hivyo? La mwisho, cheti cha kuzaliwa cha baba yangu kinasema Élisabethville. Kwenye fomu za huku niandike hivyo au Lubumbashi?

Jibu: Mama, pole kwa kusahihishwa hadharani. Hata hivyo, aliyekusahihisha alisema kweli: ni "di-moin". Jina la mahali hutamkwa kama wenyeji wa mahali hapo wanavyolitamka. Hapo Iowa s zote mbili huandikwa bila kusikika, na "oi" husomwa kwa Kiingereza. Kwa mkalimani jambo hili lina uzito kuliko adabu, kwa sababu iko siku utamsemea mgonjwa kwenye simu ya dharura, na anayepokea simu anatafuta mji kwa sauti aliyoizoea. Nimeona dakika kadhaa zikipotea kwa sababu mkalimani alishikilia matamshi ya darasani.

Ukizungumza Kifaransa na ndugu zako wa Lubumbashi, sema "de mwan" bila wasiwasi. Hilo ni jina hilohilo ndani ya lugha nyingine.

Kuhusu watawa, usitafsiri hivyo. Ni kweli kwamba neno la Kifaransa "moine" maana yake ni mtawa wa kiume, na ndiyo maana hadithi hiyo imeenea. Lakini mwaka 1673 padri Mjesuiti Jacques Marquette na Louis Jolliet, mzaliwa wa Québec, waliposhuka mto Mississippi kwa mitumbwi, Marquette aliandika jina la watu aliowakuta maeneo hayo: Moingwena. Walikuwa tawi la Wailinois, kundi la makabila ya wenyeji wa Marekani. Wachuuzi wa manyoya waliowafuata walikuwa na mazoea ya kukata majina marefu ya wenyeji na kubaki na silabi ya kwanza. Mto wa Wamoingwena ukawa mto "des Moings", yaani wa Wamoin. Baadaye mwandishi asiyejua asili yake akaunyoosha ukawa "des Moines", na watawa wakazaliwa kalamuni.

Mazoea hayo ya kukata majina yameacha alama nyingi kuliko inavyodhaniwa. Waliokwenda kwa Waarkansas walisema wanakwenda "aux Arcs", kwa kifupi; "aux" hapo maana yake ni "kwa". Waingereza walipofika wakasikia neno moja, "ozark", na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba milima ya Ozark ilipata jina lake hivyo. Waliokwenda kwa Wakaskaskia walisema "aux Kas", na mpaka leo mto Kaskaskia wa Illinois una jina la pili, Okaw. Kiambishi cha Kifaransa kimemezwa na nomino, na anayeitumia hajui kwamba amekimeza.

Wewe mama unayetoka Katanga utalielewa hili haraka kuliko mwanafunzi yeyote wa Iowa. Nyumbani serikali huitwa "leta", na hiyo ni "l'État", kiambishi na nomino pamoja. Hospitali ni "lopitali", l' ya Kifaransa ikiwa imeganda mwanzoni. Sisi Waswahili tulifanya kinyume chake kwa neno la Kiarabu "kitabu": tulisikia "ki" ya ngeli yetu pale ambapo haikuwepo, tukapata "vitabu". Sikio la mgeni hukata neno pale lilipozoea kukata. Kwa hiyo ukisikia watu wa Colorado wakiuita mto Purgatoire kwa jina la "Picketwire", usiwacheke. Wamefanya kilekile tunachokifanya kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo nataka likutoe unyonge. Kifaransa ulichosoma wewe nacho si kile cha Marquette. Chukua jina la jimbo jirani, Illinois. Mfaransa wa leo anasema "ilinwa", Mmarekani anasema "ilinoi", na kila mmoja anaamini mwenzake amekosea. Katika karne ya 17 herufi "oi" zilitamkwa karibu na "we". Mfalme, "roi", alikuwa "rwe". Wafaransa walisikia wenyeji wakiitwa "ilinwe", wakaandika Illinois kwa usahihi kabisa kulingana na tahajia yao. Baadaye Ufaransa yenyewe ikahama. Maneno mengine yakaenda kwenye "wa", mengine yakaenda kwenye "e", na mwaka 1835 Akademia ya Kifaransa ikakubali kuandika "français" badala ya "françois". Illinois ilibaki na vazi la zamani kwa sababu wakati huo tayari ilikuwa jimbo la Marekani, mbali na mamlaka ya Paris. Kwa hiyo "ilinwa" na "ilinoi" zote mbili zimeondoka kwenye sauti ya asili.

Matamshi yamewahi hata kupigiwa kura. Wakati fulani maseneta wawili wa Arkansas walitofautiana, mmoja akitaka aitwe seneta wa "Akanso" na mwingine wa "Akanzasi". Mwaka 1881 Bunge la jimbo likapitisha azimio: s ya mwisho iandikwe, isitamkwe. Yaani Bunge la wasema Kiingereza lilitetea kanuni ya s bubu ya Kifaransa. Mimi nalipenda azimio hilo, kwa sababu waliolipitisha walitambua kwamba jina ni kumbukumbu ya watu waliopita hapo.

Sasa, kwa nini Wafaransa waliacha majina wakaondoka wenyewe? Mwaka 1682 msafiri Mfaransa La Salle alilitangaza bonde zima la Mississippi kuwa mali ya mfalme Louis XIV, akaliita Louisiana. Iowa yako ilikuwa ndani yake. Detroit ikaanzishwa 1701, na jina lake lina maana ya mkondo mwembamba wa maji, ule unaounganisha ziwa St. Clair na ziwa Erie. New Orleans ikafuata mwaka 1718. Lakini Wafaransa wenyewe walikuwa wachache, tena wametawanyika vituoni. Baada ya vita vya miaka saba, upande wa mashariki wa mto ulikwenda kwa Uingereza mwaka 1763, na wa magharibi kwa Hispania. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliurudisha wa magharibi, kisha mwaka 1803 akauza eneo la kilometa za mraba zipatazo milioni 2.1 kwa Marekani kwa dola milioni 15.

Hapa naomba usimame kidogo, mama, kwa sababu vitabu vingi vya shule hupita haraka. Napoleon aliuza kwa kuwa Saint-Domingue, Haiti ya leo, ilikuwa inamponyoka. Jeshi alilolituma kuwarudisha Waafrika utumwani lilikuwa likimalizwa na mapigano yao na homa ya manjano. Bila koloni hilo la sukari, Louisiana ilimpotezea maana. Watu waliotoka makwao kwa minyororo, wengi wao kutoka Kongo, wakapigania uhuru wao mpaka wakaupata mwaka 1804, walichangia kubadilisha ramani ya nchi unayoishi. Ukiiona bendera ya Iowa, tazama milia yake mitatu ya wima, buluu, nyeupe na nyekundu, yenye tai katikati. Ilikubaliwa rasmi mwaka 1921, na rangi hizo hukumbusha enzi ya Ufaransa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila jina lenye sura ya Kifaransa liliachwa na Mfaransa. Marekani ilipopigana na Uingereza, Ufaransa iliingia upande wake kwa mkataba wa mwaka 1778. Wamarekani wasema Kiingereza wakaanza kuipenda Ufaransa hata katika majina. Louisville ya Kentucky ilipewa jina la Louis XVI mwaka 1780. Nashville ilikuwa ikiitwa Nashborough, kwa mwisho wa Kiingereza. Mwaka 1784 "borough" iliondolewa, ikawekwa "ville". Kwao kiambishi hicho kilikuwa njia ya kujivua Uingereza.

Kwetu ilikuwa kinyume. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910 na kupewa jina la malkia wa Ubelgiji. Léopoldville ilibeba la mfalme Léopold II, Stanleyville la msafiri Stanley aliyemtumikia mfalme huyo. Mwaka 1966 zikawa Lubumbashi, Kinshasa na Kisangani. "Ville" ileile iliyowapa watu wa Nashville fahari, kwa Wakongo ilikuwa nira.

Basi tuje kwenye uandishi wako. Kwa Kiswahili andika Des Moines, kama ilivyo kwenye vibao vya barabara. Usiandike "Demoini", kwa sababu msomaji wako atahitaji kulitambua jina hilo kwenye basi na kwenye bahasha. Usiliongezee "-ni" ya mahali. Sema "mjini Des Moines" au "naishi Des Moines". Kama unaandaa kipeperushi kwa wageni waliosoma kwa Kifaransa, weka matamshi kwenye mabano pale jina linapotajwa mara ya kwanza tu: Des Moines (tamka di-moin). Fanya hivyo pia kwa Illinois na kwa miji ya Boise na Terre Haute, maana hayo ndiyo yanayowanasa waliosoma kama wewe.

Na cheti cha baba. Mfasiri habadilishi jina la mahali lililo kwenye hati. Andika Élisabethville, kisha uweke mabano: sasa Lubumbashi. Kama cheti kinasema "Congo belge", tafsiri Kongo ya Kibelgiji, na kwenye mabano uweke Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Fomu ikikataa alama juu ya E, andika E bila alama; hata sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine haina alama hizo. Lakini namna utakayoanza nayo kwenye fomu ya kwanza, irudie vilevile kwenye fomu zote zitakazofuata, herufi kwa herufi.