Basi la dizeli kugeuzwa la gesi na haidrojeni: usilipe kitu kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama basi lako la Malindi–Mombasa, la dizeli, linaweza kutumia mchanganyiko wa gesi asilia na haidrojeni, maana fundi amekwambia mtungi wa gesi ya kupikia utatosha kuanzia. Huyo mshukuru, uende zako.

Gesi ya kupikia ni propani na butani, hukaa mtungini kama maji kwa shinikizo dogo. Gesi asilia ni methani, hushindiliwa mpaka baa 200 hivi, yaani kama mara 200 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Ukiitia kwenye mtungi wa jikoni umetengeneza bomu, na abiria umewakalisha juu yake.

Mchanganyiko wenyewe si porojo. Delhi waliujaribu kwenye mabasi 50 mwaka 2020, haidrojeni asilimia 18. Haidrojeni huwaka upesi, basi methani nayo huungua vizuri hata hewa ikizidi, na uchafu wa moshi hupungua. Ila haidrojeni ni nyepesi mno: asilimia 20 kwa ujazo huleta kama asilimia 7 tu ya nishati, kwa hiyo tangi lilelile halikufikishi mbali kama gesi tupu. Tena yale mabasi yalikuwa ya gesi tayari. Injini yako ya dizeli haina hata plagi za kutoa cheche.

Na utajaza wapi? Dar es Salaam vituo vya gesi asilia vipo; huku kwetu bomba halijafika. Hizo pesa peleka kwenye nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) na filta ya hewa. Moshi mweusi unaokusumbua ukipanda kilima, mara nyingi chanzo ni hapo.