Jiko la Mavyaa na Baridi ya Lushoto

Barua tatu za mwezi huu zimetoka sehemu mbalimbali, lakini zote zinahusu milima ya Usambara. Nimezijibu pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inastahili.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga mjini. Baba mkwe alipofariki, mume wangu aliona si vyema mama yake abaki peke yake, tukahamia kijijini kwao, juu ya Soni, pamoja na watoto wetu watatu. Nashukuru tumepokewa vizuri, lakini yapo mambo yanayonisumbua. Baridi ya Juni na Julai imetutesa hata nikafikiri kuingiza jiko la mkaa katika chumba cha watoto wakati wa kulala. Maharage yangu hayaivi kwa wakati, na mawifi zangu wananicheka kwamba mwanamke wa pwani hajui kupika. Kubwa zaidi ni kwamba mavyaa hakai sebuleni tuliyomtengenezea. Jioni nzima yuko katika banda la jikoni kwenye moshi, na watoto wamemfuata huko, wanarudi wananuka moshi. Mume wangu anataka tulivunje banda hilo tujenge jiko la kisasa. Tufanye nini?
Mama wa watoto watatu, Lushoto

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ulilolitaja kama jambo dogo, kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja. Jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, hata kwa nusu saa, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni, hata mtu aliyelala akakosa pumzi pasipo kushtuka. Wengi hudhani kwamba makaa yakishakolea na moshi ukaisha, hatari nayo imeisha, kumbe hewa hiyo huendelea kutoka katika makaa mekundu yasiyo na moshi wowote. Mtu akiamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu katika chumba chenye jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe kituo cha afya, asimezeshwe dawa ya kichwa na kurudishwa kitandani.

Baridi yenyewe ina dawa nyingine. Mtu anapopanda kutoka usawa wa bahari, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, na mji wa Lushoto uko kwenye mita zipatazo 1,400, kwa hiyo mwili uliolelewa Ngamiani hauna kosa lolote ukitetemeka. Kama nyumba yenu imeezekwa bati na haina dari, joto lote mnalolipata mchana hupotea usiku kupitia juu, na hata dari nyepesi ya magunia safi yaliyoshonwa pamoja itawafaa kuliko jiko. Watoto walale na soksi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa katika kanga iwekwe miguuni pao dakika chache kabla hawajapanda kitandani. Masweta nunueni gulioni kwenye mitumba mwezi wa Aprili au Mei, kwa maana kipupwe kikishaingia wauzaji nao huwa wamekijua.

Kuhusu maharage, huna haja ya kuona haya. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, ambalo hushuka kwa nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300. Maji ya Tanga huchemka kwenye nyuzi 100, lakini ya huko kwenu huchemka karibu na nyuzi 95, na ukichochea kuni hata ukuta ukaungua hayatazidi hapo. Maharage uliyoyahesabia saa mbili pwani yatataka muda mrefu zaidi mlimani, hasa yakiwa ya msimu uliopita. Yaloweke tangu usiku, umwage maji hayo, uyapike kwa maji mapya ukifunika chungu vizuri. Mavyaa analijua jambo hili bila kipimajoto, na ndiyo maana chungu chake cha makande hupanda motoni mapema na kuachwa juu ya moto mdogo hadi kila mtu akisahau. Mawifi zako nao wanalijua, ila wameona ni raha zaidi kukucheka kuliko kukueleza.

Sasa la banda la jikoni, ambalo naona ndilo lililokufanya ushike kalamu. Mimi nililelewa katika milima hiyohiyo, upande wa Bumbuli, kabla ya kuolewa Pangani, na ninakusihi umzuie mume wako asivunje chochote kabla hamjamuuliza mama yake swali moja: moshi ule unafanya kazi gani? Inua macho utazame juu ya mafiga. Bila shaka utaona uchaga, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu na ya chakula yakiwa bado katika magunzi yake, meusi kwa masizi. Moshi na joto la moto huyakausha na kuwafukuza fukusi pamoja na dumuzi, yule mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, aliyeingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kuanzia Tabora, na ambaye wakulima walimpachika jina la Skania kwa jinsi anavyosaga mahindi hadi yakabaki unga mtupu. Wapo waliojenga jiko zuri lenye bomba la moshi, wakafurahi kwa miezi mitatu, kisha wakaanza kununua mahindi.

Sisemi kwamba moshi ni mzuri. Unaumiza macho na kifua, na mwanamke aliyeukalia tangu ujana wake huulipa uzeeni kwa kikohozi kisichoisha, wala mapafu ya watoto wako hayapaswi kufundishwa mapema. Kwa hiyo fanyeni mambo mawili kwa pamoja, la sivyo msifanye hata moja. Ndani ya banda lilelile jengeni jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi, kwa ajili ya mapishi makubwa ya kila siku. Wakati huohuo mahindi yaliyokaushwa vizuri juani na kupukuchuliwa yahamishiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, inayofungwa kwa kukazwa ili wadudu waliomo wafe kwa kukosa pumzi. Kama mahindi hayajakauka sawasawa yataota ukungu humo, na hapo mtawalaumu waliouza mifuko bure. Ongezeni pia uwazi kati ya ukuta na paa, na kuni zianikwe wiki kadhaa kabla ya kutumika, kwa sababu sehemu kubwa ya moshi unaoulalamikia hutoka katika kuni mbichi.

Mafiga matatu myaache pembeni, pamoja na moto mdogo wa jioni. Hapa naomba univumilie, kwa kuwa nitazungumza kama mtoto wa jiko la namna hiyo. Ile unayoiita sebule ina makochi, lakini haina moto. Katika nyumba za milimani sebule ni jikoni, na mavyaa hakukataa ukarimu wenu, ila hawezi kuhamia chumba chenye baridi ili aonekane ameheshimiwa. Watoto wako wameyatambua hayo kabla yako. Bibi yangu alikuwa akivumbika viazi vitamu katika jivu la moto mara tu baada ya magharibi, na kwa kuwa havikuwa tayari kabla ya saa moja kupita, tulilazimika kukaa. Alisema “Kitendawili!” nasi tukajibu “Tega!”, na aliyeshindwa kutegua ilimbidi atoe mji. Mimi nilikuwa mzito, basi nilianza kwa kutoa Mombo, nikatoa Korogwe, na kabla viazi havijaiva nilikuwa nimegawa stesheni zote za reli kutoka Tanga mpaka Moshi. Ndugu yangu mmoja mpaka leo hunidai Muheza.

Jioni moja, badala ya kuwaita watoto warudi ndani, ingia nawe jikoni ukiwa na nazi na mbuzi yako ya kukunia. Yamkini mavyaa amezoea makande yasiyo na tui. Mkunie nazi, mkamulie, mwachie yeye aamue ni wakati gani tui litiwe chunguni, maana chungu ni chake. Basi zinazopandisha abiria kutoka Tanga hupandisha nazi pia, nawe una ndugu Ngamiani wa kukutumia. Harufu ya moshi katika nguo za watoto itatoka kwa sabuni.

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili, tunaishi Bagamoyo. Desemba nataka kuwapeleka watoto kwa babu yao, Mlalo, kwa wiki mbili. Sina fedha za matembezi ya gharama, na ninahofu kwamba watoto waliozoea simu watachoka siku ya pili. Niwaandalie nini?
Baba wa watoto wawili, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandae mengi. Mwache babu awaandalie, na wewe kazi yako iwe kutomwingilia anapowaamsha alfajiri wakampatie ng'ombe majani. Watanuna siku mbili, ya tatu watakuwa wakigombania nani ashike kamba. Simu usizifiche, kwani mtoto aliyefichiwa simu hushinda akiitafuta.

Njia ya kupanda mlima kutoka Mombo kupitia Soni ina kona nyingi, kwa hiyo wale kidogo kabla ya safari na wakae mbele. Desemba bado kuna mvua, basi wachukulie viatu vya mpira pamoja na sweta moja zaidi ya unavyodhani inatosha. Huo pia ndio wakati wa plamsi na mafyulisi, na mtoto wa pwani aliyezoea kununua tunda moja moja atashangaa kuona yakiokotwa chini ya mti. Mwambie babu awazuie wasile mabichi, kwa maana usiku mtalijutia hilo nyote. Njiani mkipita Lushoto, nendeni Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, mahali mlima unapokatika ghafla na tambarare ya Mazinde ikaonekana chini kabisa. Shikeni watoto mikono, na mfike asubuhi kabla ukungu haujaziba. Katika msitu wa Magamba wapo mbega weupe kwa weusi, lakini huko huingiwa kwa kiingilio, na kama fedha hazitoshi vinyonga wenye pembe mtawaona kwenye miti bila malipo. Wawatazame tu, wasiwatie mfukoni.

Zawadi ya kupeleka isikutatize. Wazee wa milimani wana mboga, wana maziwa na wana matunda. Mpelekee babu ng'onda wa Bagamoyo, uwafunge mara tatu ili abiria wenzako wasikuteremshe Chalinze.

SWALI: Binti yangu amerudi kutoka Amani na ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, amelipanda kwenye kopo. Anasema maua hayo huuzwa hata Ulaya. Ni kweli? Nilitunzeje katika joto la Muheza?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ni kweli. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kutokana na jina lake. Tangu hapo limekuwa ua la dirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, ilhali wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba asili yake ni miamba yenye unyevu ya misitu yetu ya Usambara. Mweleze binti yako kwa upole kwamba porini asiling'oe tena, maana huko limebaki katika sehemu chache na misitu yenyewe inapungua. Akitaka lingine, jani moja linatosha: alikate pamoja na kikonyo chake, akichomeke katika udongo mwepesi wenye unyevu, na baada ya wiki kadhaa miche midogo itachipua chini yake.

Hilo mlilo nalo liwekeni mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua, upande wa nyumba ulio na ubaridi zaidi, mbali na bati. Kopo litobolewe chini. Msilimwagie maji juu, kwa sababu majani yake yakilowa hupata madoa. Wekeni maji kidogo katika kisahani, likae humo nusu saa likinywa lenyewe, kisha maji yaliyobaki yamwagwe.